Wimbo wa Nne wa Mwinshehe

Temeke ina watu wengi wanaojua kupiga gita, lakini anayejua kulipiga na akajua kwamba anajua ni mmoja tu. Anaitwa Mwinshehe, anakaa Tandika, nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga, na ukimuuliza atakwambia hivyo hivyo kwa mdomo wake. Kuona haya, anasema, ni ugonjwa wa watu wasio na kipaji.

Ana miaka sitini na moja na kitambi cha heshima. Siku za kazi ni fundi wa spika. Zinakuja zimechanika, zinakoroma kama mtu mwenye mafua, yeye anazibandua, anasuka koili kwa mkono, anabandika karatasi mpya, zinarudi zikiimba. Wenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, wote wa Tandika wanamjua, maana muziki wa singeli unachana spika kuliko mvua inavyochana barabara, na Mwinshehe huwaombea dua wasije wakapunguza sauti. Jumapili alasiri anapiga na bendi yao kwenye baa, nyimbo za zamani ambazo wazee wanacheza kwa mabega tu kwa sababu magoti yamegoma. Shule aliishia darasa la sita. La saba, anasema, alilichungulia dirishani akaona halina jipya.

Ni mtu anayejisifia mpaka namna anavyomenya muhogo. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukigusa kwa miaka kumi na sita, na hicho kitu ndicho kizuri kuliko vyote alivyopata kuvifanya. Ni albamu.

Ujana wake alimtengenezea mzee mmoja wa Kurasini gramafoni, na kwa kuwa fundi lazima ajaribu, akaijaribu kwa wiki tatu. Mzee alikuwa na sahani za soul, muziki wa Wamarekani weusi, ule unaoimbwa kama mtu anayeomba radhi huku anajua atasamehewa. Kiingereza cha Mwinshehe kilikuwa cha kuombea maji, lakini gita alilielewa lote. Halikimbii. Linasema neno moja, linanyamaza, linakuacha uone aibu mwenyewe. Akaapa siku moja atapiga hivyo kwa Kiswahili.

Siku yenyewe ikafika mwaka elfu mbili na tisa. Alirekodi Mikocheni, chumba cha uani chenye trei za mayai ukutani, na joto la kuivisha hayo mayai kama yangekuwepo. Nyimbo nane. Albamu akaiita Chumba na Sebule, kwa sababu zote zilikuwa za mapenzi ya watu wanaopanga: wanaopendana kwa sauti ya chini ili jirani asisikie. Wa nne ndio aliouwekea roho. Unaitwa Funguo Mbili.

*Ufunguo mmoja kwako, mmoja kwangu,*
*atakayetangulia awashe taa.*

Ndicho kiitikio, hakuna kingine. Katikati gita linapoachiwa peke yake, akajiita jina kama wafanyavyo wanamuziki wa dansi wasioamini kwamba watu watawakumbuka: Mwinshehe wa Temeke, shika hiyo.

Sasa hapo unatakiwa uijue sheria ya bendi, maana ndiyo iliyomponza. Wimbo ukifika ubeti wa pili na hakuna aliyeinuka kuja kutunza, huo umekufa, usiukalie matanga. Kutunza usikuone ni ishu ya hela. Mtu akiacha kiti chake, akaja mpaka mbele akakubandika noti kwenye paji la uso, amekwambia mbele ya watu wote kwamba wewe ni mtu. Asipoinuka hata mmoja, mpiga dramu anakung'utia alama, ta-ta-ta, na bendi inaruka kwenye chemko. Chemko ni kile kipande cha mwisho kinachokwenda mbio, ambacho hata mlevi aliyelala anazinduka ameshaanza kukatika. Mpiga dramu wao ni Benson, mtu wa Tukuyu, mwembamba kama fimbo zake, na sheria hiyo anaishika kuliko alivyoshika ubatizo.

Siku ya uzinduzi Baa ya Tulizana ilijaa mpaka kwenye makreti. Mwinshehe alivaa suti ya krimu. Wimbo wa kwanza, ubeti wa kwanza, watu wamekaa. Ubeti wa pili, wamekaa. Hata glasi haikugongwa. Benson akakung'uta alama, chemko. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Wa nne, ule wa roho, Mwinshehe alifumba macho asiwaone, akayafumbua kwenye ubeti wa pili akawaona walivyokaa, kama watu waliopangwa kupigwa picha ya pasipoti. Ta-ta-ta. Chemko.

Wa tano hakuupiga. Akarudi kwenye nyimbo za zamani, na watu wakainuka wakacheza mpaka viatu vikalegea. CD chache zikanunuliwa mlangoni. Zilizobaki zikaingia kwenye boksi, boksi likaingia chini ya kitanda, na Benson akaibatiza ile kazi albamu ya msibani. Alikuwa anatania, ila utani wa rafiki ndio unaoingia mbali, maana unajua mlango.

Aliyeipa kazi ni mke wake Mwanabaraka, anayeanika dagaa uani. Kunguru wa Temeke ni majambazi, na mtu alimwambia kwamba wanaogopa kitu kinachometameta. Akavuta boksi, akazitunga CD kwenye kamba ya kuanikia nguo, na kweli, kunguru wakahamia kwa jirani. Mwinshehe alipoziona aliguna tu. Akasema ni sawa, walau amepata wanaoinuka.

Miaka ikaenda. Kila akimaliza kunywa chai, anakaa barazani na spika zake, na juu yake Chumba na Sebule inazunguka kwenye upepo, inamrushia vimulimuli machoni.

Mwezi wa sita mwaka huu akaja binti mmoja, nguo safi, viatu vya kufunika vya kiualimu. Hakubisha hodi. Alisimama uani ameinua shingo anasoma jina kwenye zile CD, midomo wazi, mpaka Mwanabaraka akadhani mgeni ameona nyoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Spika iko wapi?"

"Sina spika. Namtafuta Mwinshehe wa Temeke, shika hiyo."

Chuma cha kulehemu kilimpoa mkononi. Jina hilo hivyo lilivyo halijulikani popote duniani isipokuwa kwenye wimbo wa nne.

Binti akajieleza. Anaitwa Asifiwe, anafundisha shule ya msingi Kinondoni, kwao Wazo. Baba yake, Kornelio, alikuwa fundi mitambo, sasa amestaafu. Wazazi wote ni Wahaya. Zamani sana baba alirudi nyumbani na CD, akaichomeka kwenye redio ya gari lao, Corolla, na CD ikakwama. Haikutoka kwa kibonyezo, haikutoka kwa bisibisi, haikutoka kwa maombi. Mafundi wawili walisema mpaka redio ivunjwe, na Kornelio akakataa. Kuanzia hapo, kila walikokwenda, kanisani, shuleni, hospitali, Asifiwe akiwa na miaka minane na sasa ana ishirini na nne, walikwenda na Chumba na Sebule. Kava lilishapotea. Wao watoto hawakumjua mwimbaji kwa sura wala mahali anapokaa, walimjua kwa huko kujiita kwake tu, ndiyo maana ameulizia Temeke nzima, kinyozi kwa kinyozi.

Mwinshehe alitaka ushahidi, kama tajiri aliyeambiwa ana urithi. Asifiwe akaweka mkoba chini, akauimba ubeti wa pili wa Funguo Mbili kuanzia herufi ya kwanza, na pale gita linapojibu akalijibu kwa mdomo. Mwanabaraka alitoka jikoni na mwiko.

Shida yake ilikuwa moja. Wazazi wanatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa, jubilei itakuwa Jumamosi alasiri nyumbani Wazo, na wao watoto wanataka kuwashtukiza. Wimbo wa nne, kwa bendi, uso kwa uso.

"Wote, baba. Mpaka mwisho."

Mwinshehe alimwambia amefika penyewe, asihangaike tena, Tanzania hii wapiga gita ni wawili na mwenzake amefariki. Lakini binti alipoondoka, alikaa na spika mapajani bila kuigusa. Alikuwa anapiga hesabu. Kule Tulizana aliweza kusema walevi hawajui muziki. Hawa walikuwa watu waliomtafuta kwa mguu, wanaojua mpaka pumzi zake. Wakikaa kama wale walivyokaa, hapatakuwa na wa kulaumiwa tena. Itakuwa ni wimbo wenyewe ndio haufai, na miaka kumi na sita kunguru ndio waliokuwa na akili.

Kwenye mazoezi Benson alicheka mpaka akakohoa. Akasema Wahaya hao, na Mhaya hainuki kwenye kiti mpaka aitwe kwa cheo chake na chuo alichosoma. Mwinshehe akamjibu kwamba Mnyakyusa wa Tukuyu aliyezaliwa na mvua masikioni hana haki ya kusema watu. Wakatukanana vizuri kwa dakika kama kumi. Halafu Benson akashusha fimbo zake.

"Kaka, mie nakupa mpaka ubeti wa pili. Nimekaa nyuma yako miaka thelathini. Siwezi kukuacha uzikwe hadharani mara ya pili."

Mwinshehe hakubisha. Hapo ndipo Sadallah, mpiga besi, mtu wa maneno matano kwa wiki, alipojua kwamba bosi anaogopa.

Jumamosi ikafika. Wazo, chini ya turubai jeupe, viti vimevalishwa vitambaa vya dhahabu, keki ina ghorofa nyingi kuliko nyumba. Misa ilishapita asubuhi. Sahani za senene zilikuwa zinazunguka, na Benson, aliyekuwa ameapa hali mdudu, alishamaliza ya pili. Pembeni, imeoshwa na kufungwa utepe kama bibi harusi, imeegeshwa Corolla yenyewe.

Kwenye meza kuu Auleria, mama mwenyewe, alikuwa amekaa kama kitenge chake kimepigwa pasi akiwa ndani. Kornelio yeye alikuwa mtu mrefu, mikono mizito ya spana, kimya kabisa. MC alikuwa ameshamsifu kwa nusu saa, jibu lake likawa kutikisa kichwa mara moja.

MC akatangaza mgeni wa kushtukiza. Mwinshehe akapanda na suti ileile ya krimu, ila vifungo sasa vilikuwa vya mapambo tu. Akaugusa uzi wa kwanza.

Auleria alijifunika mdomo. Kornelio aliweka uma chini.

Ubeti wa kwanza, hakuna aliyeinuka. Mwinshehe akaimba huku anawahesabu kwa jicho la pembeni: watoto, wajomba, mashangazi, meza tatu za familia, wote wamekaa wima, wametazama mbele. Kiitikio. Ufunguo mmoja kwako, mmoja kwangu. Wamekaa. Ubeti wa pili ukaanza. Wamekaa. Kisha akaona jambo. Walikuwa wanaegemea. Meza zote tatu kwa pamoja, kidogo kushoto, halafu wanarudi, kidogo kulia, halafu wanarudi, kama mtu amewapanga.

Nyuma yake ikaja: ta-ta-ta.

Kwa miaka thelathini Mwinshehe hakuwahi kuivunja alama ya Benson. Vidole vyenyewe vilishaanza kukimbia. Akavishika. Akageuka na gita lake, akampa familia mgongo, akamtazama rafiki yake.

"Leo hakuna chemko."

Alidhani amenong'ona. Maikrofoni ilikuwa karibu, ikasikika mpaka kwa jirani. Benson alibaki na fimbo hewani, akazishusha taratibu kama mtu aliyekamatwa, na Sadallah akacheka kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Na ubeti wa tatu ukaingia, ubeti ambao Mwinshehe hakuwahi kuuimba mbele ya mtu. Alipofungua mdomo akakuta umeshaanza bila yeye. Familia nzima ilikuwa inauimba, palepale vitini, mashangazi juu, wajomba chini.

*Na siku utakayochelewa, sitauliza ulipokuwa,*

Wakafika hapo, naye akavuta pumzi ya mstari unaofuata, wao wakauruka. Wote, kwa pamoja, bila hata mmoja kukosea, wakatua moja kwa moja kwenye kiitikio: *atakayetangulia awashe taa.* Mwinshehe akabaki peke yake na mstari mdomoni kama mtu aliyeachwa kituoni. Gita likajikwaa. Fundi mwingine angewasimamisha, na yeye ndiye wa kwanza kusimamisha watu. Lakini waliimba kwa raha, na walikuwa wengi. Akaumeza mstari wake, akawakimbilia, akawadaka kwenye neno taa, wakaumaliza wimbo pamoja mpaka uzi wa mwisho.

Ndipo wakapiga makofi, wamekaa vilevile. Mwinshehe akauliza kwenye maikrofoni ni nani aliyewafundisha kula maneno ya watu. Asifiwe akasimama anacheka. Akamwambia CD ina mkwaruzo. Inarukaga pale, imerukaga siku zote, tangu siku ya kwanza.

"Kwa hiyo mstari wenyewe hamjawahi kuusikia?"

Kumbe hata hawakujua kama upo. Akawaambia basi wanyamaze, wasimsaidie, kwa leo ameshasaidiwa vya kutosha. Akaupiga ubeti wa tatu peke yake, bila dramu, bila besi, gita likisema neno moja na kunyamaza.

*Na siku utakayochelewa, sitauliza ulipokuwa,*
*nitauliza tu kama umekula.*

Halafu Auleria, taratibu, akamgeukia mume wake. Miaka kumi na sita Kornelio, kila akichelewa kurudi, alikuwa anajitetea kwa huo wimbo, kwamba hata redio imesema mtu haulizwi.

"Kumbe kuna kuulizwa," akasema Auleria.

Turubai zima likaanguka kwa kicheko. Mjomba mmoja alimwagikiwa soda. Na katikati ya kicheko hicho, Kornelio akainuka.

Aliinuka peke yake. Alichukua sahani mbele yake, ndizi na nyama na senene pembeni, hajaigusa bado, akatoka meza kuu, akatembea mbele za watu mpaka jukwaani, na kicheko kikafa kidogo kidogo kwa sababu watu wa kwao hawakuwahi kumwona anatembea kwenda kusema.

"Nilikuwepo Tulizana," akamwambia Mwinshehe. "Wimbo ulifika ubeti wa pili, mkaanza kukimbia. Nikanunua CD mlangoni nijue unaishaje. Na yenyewe ikanirukia."

Mwinshehe alimtazama. Kati ya vyote alivyotaka kuuliza kikatoka kimoja.

"Ulikuwepo. Mbona hukuinuka?"

Kornelio alilifikiria swali kama mashine iliyozima bila sababu.

"Mtu anasikiliza," akasema, "atainukaje?"

Kisha akamwekea sahani mikononi, hapo hapo mbele ya watu wote, na akauliza: "Umekula?"

Benson anasema bosi alilia. Mwinshehe anasema ni senene aliyemrukia jichoni. Senene walikuwa wamekaangwa, lakini kila mtu ana haki ya maelezo yake.

Kabla hawajaondoka aliwekwa kiti cha mbele kwenye Corolla, Kornelio kwenye usukani, watoto watu wazima wamebanana nyuma, gari halijawashwa hata injini, redio tu. Wakausikiliza wa nne. Akaona tena wanavyoegemea. Ni kona. Wimbo wanaujua pamoja na barabara yake, kushoto ya pale, kulia ya pale, na hawajawahi kuusikia wamesimama maisha yao yote. Ulipofika kwenye mkwaruzo ukaruka, naye akaruka nao bila kuambiwa.

Alifika Tandika jua likiwa bado juu ya mabati. Mwanabaraka alikuwa anageuza dagaa.

"Wametunza?"

"Mmoja tu."

"Noti?"

"Ndizi," akasema Mwinshehe, na alivyolisema ungedhani amepewa kiwanja Masaki.

Akavuta stuli chini ya kamba, akaanza kuzifungua CD moja moja, anazipangusa kwa shati la sherehe, huku anamsimulia Mwanabaraka yote, mpaka mtu wa Tulizana aliyenunua CD ajue wimbo unaishaje. Nyingi jua lilishazimaliza, lakini nusu ya boksi bado ilikuwepo chini ya kitanda, na wa kwanza wa kupewa alishamjua: mtu mmoja Wazo ambaye angeikataa kwa sababu hii haina mkwaruzo. Kichwani alikuwa anapanga ya kesho. Pale baa, baada ya nyimbo tatu za zamani, atawaambia unaokuja ni wake, ni wa kukaa, na atakayeinuka amevunja adabu. Benson atanuna. Benson atazoea.

Mkono wake ukafika kwenye CD ya mwisho, Mwanabaraka akamgonga na kijiti cha dagaa.

"Hiyo niachie. Kunguru nao walitaka kujua unaishaje."